Magunia Ishirini na Mawili Mlangoni mwa Rusizi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wamenitia kwenye komite ya boti. Mi, Saliha wa mamota.

Mzee Hugues alikuja mwenyewe hapa garaji, Buyenzi, na viatu vyake vya ngozi, akasimama mlangoni asije akakanyaga mafuta. Mtu wa Mutanga Nord, mtaa wa wakubwa, mstaafu wa serikali, leo prezida wa komite. Akasema wafadhili wamekubali kutoa boti kwa wamama wa Gatumba. Moja tu. Na kwenye karatasi zao wanataka fundi anayejua maji aweke sahihi kabla boti haijapokelewa. Ameuliza huku na huku, kila mtu anataja jina langu. Alilisema hilo kama mtu anayekiri kosa.

Nikamuuliza: mnataka sahihi tu, au na akili pia? Akacheka. Mi sikucheka.

Nimekubali, na sababu ni moja. Nahodha wa hiyo boti atakuwa Ilias, mdogo wangu.

Naandika hapa ili asije mtu kuniambia baadaye kwamba sikusema.

Jumatano, 5 Juni

Tumeenda kupima mawimbi, mi na Ilias, na mtumbwi wa kuazima. Tumetafuta esansi ya mota tangu juzi, lita nne tumepata kwa kuomba kama sadaka.

Hawa wamama nyumba zao za Gatumba zimeliwa na maji ya ziwa. Sasa wamepanga Kajaga, lakini mashamba yao ya mpunga na nyanya yamebaki kule juu, kando ya mto Rusizi, na njia ya miguu imezama. Kwa hiyo wanapita ziwani kwa mitumbwi ya watu, wanaingia kwa mlango wa mto, wanapanda mpaka shambani. Asubuhi wanakwenda. Saa tisa wanarudi na magunia. Saa tisa! Saa ile ile upepo wa kusini unapokuja kusukumana na maji ya mto yanayotoka. Asubuhi pale mlangoni unaweza kunawa uso. Saa tisa maji yanachemka.

Nilikuwa na kamba yenye mafundo, fundo kila mita. Kutoka mgongo wa wimbi mpaka mgongo wa lingine: mita tatu, mara nyingine nne. Mafupi, yamesimama, yanafuatana bila adabu. Kwenda juu yananifika kiunoni. Halafu hapo hapo kuna fungu la mchanga, kasia limegusa chini kabla mkono haujalowa. Na ukishapita, kona kali yenye majani, na viboko wamelala kwenye kona kama wana hati ya kiwanja.

Ilias alikuwa ameshika mota. Tulipofika pale, akazima.  Nikashika kasia.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuwa anaendesha boti ya mfanyabiashara mmoja, ndefu, tumbo bapa kama meza. Mwenye boti akajiweka mbele na marafiki zake wanne, juu ya viti, kwa sababu mbele ndipo wakubwa wanakaa. Ilias aliona kwamba pua imelala. Aliona! Lakini yule akasema twende, na Ilias hajawahi kumwambia mtu mkubwa apana tangu azaliwe. Wimbi la tatu likaingia kwa mbele. Watu saba waliogelea. Mama mmoja muuza samaki wa ndagala hakutoka.

Tangu siku hiyo Ilias hajapita mlango wa Rusizi. Leo amefika kizingitini tu, akauangalia, tukarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Mkutano kwa Mzee Hugues, barazani, Fanta baridi, viti vya mito. Nimekwenda na daftari langu: upana, urefu, kina, yote nimeandika vizuri.

Mzee Hugues ametoa karatasi yake. Nikadhani ni vipimo. Kumbe ni programu ya inogurasio, sherehe ya uzinduzi! Boti hatujachagua, haina hata jina, lakini wageni wameshapangwa. Mgeni Rasmi, mfadhili, padri, imamu, wawakilishi wa hiki na kile, mpaka mtu wa kamera. Ishirini na wawili. Na wote lazima wapande kwa pamoja kuzunguka mlango wa mto. Kwa hiyo, anasema, boti iwe ya watu ishirini na wawili. Mita kumi. Na tumbo bapa ili viti visimame vizuri.

Niliangalia nyuso zao kwanza, nione kama kuna mtu atacheka. Hakuna.

Kwa hiyo sisi tunapima boti kwa wageni. Hatupimi kwa maji, hatupimi kwa mzigo. Boti itafanya kazi miaka kumi, lakini tunaikata kama suti ya arusi, ya kuvaliwa siku moja.

Nikamuuliza Mama Carmen, kiongozi wa wamama, aliyekuwa amekaa kwenye ncha ya kiti chake: siku ya kawaida mnapanda wangapi? Akahesabu kwa vidole. Tisa. Siku ya soko wanagawana zamu. Na magunia.

Nikaeleza. Tumbo bapa ni zuri kwenye maji yaliyolala, linapita juu ya mchanga bila shida. Lakini kwenye mawimbi mafupi linapigwa kama mlango wa bati, na pua yake haina kifua cha kupasua maji. V kali kutoka mbele mpaka nyuma nayo inapasua vizuri, lakini itakwama kwenye fungu la mchanga, na ukisimama inayumba. Tunayoitaka ni ile ya katikati: mbele V, pua juu, halafu tumbo linajilaza taratibu kuelekea nyuma. Mita sita na nusu, saba mwisho. Mita kumi haikati kona ya viboko, maji yataishika ubavuni. Na boti kubwa inaita watu, ikiwa na nafasi haitakosa wa kuijaza.

Mzee Hugues akasikiliza na kichwa kimeinama, kama kanisani. Kisha akasema: "Dada Saliha, mi nimeandika barua za hii boti miaka miwili. Miaka miwili. Ukimunyima mutu mukubwa kiti, boti ya pili utaisikia kwa redio."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyonikera zaidi.

Jumanne, 18 Juni

Iddi imepita, nyama imekwisha, nimerudi kazini.

Nimekwenda Ruziba kwa Maxime. Ndiye anayeunga boti za aluminiamu, karibu na wavuvi. Shantiye yake, kiwanda chake, iko wazi, cheche zinaruka, mbuzi wanapita kati ya vyuma.

Ana mbili. Ya kwanza imekamilika: mita kumi, bapa, rangi ya buluu na mstari mweupe, bashi la turubai juu, mabenchi yamevishwa sponji. Nzuri kusema kweli. Mtu yeyote akiiona anataka kupigwa picha nayo. Ya pili imelala kwenye kona juu ya magogo, mifupa mitupu, mita sita na themanini, V mbele, nyuma imejilaza. Mteja aliiagiza akapotea.

Nilipitisha kiganja tumboni kwa ile ya pili kutoka pua mpaka nyuma. Maxime akaniangalia, akasema ile ndiyo boti ya Rusizi, hata yeye anajua. Nikamwambia basi mwambie prezida. Akaanza kutafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni.

Ati mteja ni mteja. Sawa, Maxime. Na maji ni maji.

Alhamisi, 20 Juni

Leo wamejaribu ile ya buluu. Saa mbili asubuhi! Ufukweni Kajaga, maji yamelala kama chai kwenye sahani. Mzee Hugues na marafiki zake wawili wakazunguka mara tatu, wakarudi wakavu, wanapongezana. Picha nyingi. Mmoja akasema haitikisiki kabisa, unaweza kuandika barua ndani.

Nikasema tuijaribu tena saa tisa, mlangoni, na mzigo.

Rafiki yake akasema pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba wanawake wanaogopa maji. Mi nimefungua mota nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nimezamia kutafuta propela iliyoanguka, na viboko wakiniangalia. Naogopa maji, ndiyo. Asiyeogopa maji mumpeleke kwanza yeye.

Karatasi ya kupokea boti waliileta pale pale, na kalamu. Nilirudisha zote mbili.

Ijumaa, 21 Juni

Nimepata wazo. Baada ya swala ya Ijumaa nilicheka peke yangu njiani mpaka Fatouma jirani yangu akaniuliza nina homa.

Jumamosi, 22 Juni

Maxime amenipa boti ya buluu kwa saa mbili. Nilimwambia nataka kuhakikisha kabla ya sahihi. Si uongo.

Magunia ishirini na mawili. Tumeyajaza mchanga ufukweni, mi, Mama Carmen na wenzake wanane. Kila gunia uzito wa mtu mmoja mwembamba, kwa huruma yangu. Halafu nikachukua rangi ya mota na burashi, nikafungua programu ya Mzee Hugues, nikaandika kwenye kila gunia: MGENI RASMI. MFADHILI. PADRI. IMAMU (astaghfirullah). PREZIDA. Mpaka KAMERA. Tukayapanga kama alivyopanga yeye: wakubwa mbele kwenye mabenchi ya sponji, wadogo nyuma.

Wamama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimpangusia Padri mchanga begani.

Nikaendesha mwenyewe. Ilias hakupanda, aliketi ufukweni na mgongo wake kwa maji. Mama Carmen alisema anakuja. Nikamfunga jaketi la kuelea.

Saa tisa na dakika kumi. Upepo umefika. Toka mbali boti ilikuwa inakwenda vizuri, na mi nikaanza kuona aibu kidogo, nikajiuliza kama sikuzidisha. Tukaingia mlangoni. Wimbi la kwanza likaipiga chini ya tumbo, paaa, meno yangu yakagongana. La pili likaipiga kabla haijarudi. Pua ilikuwa chini, wakubwa wameikalia. La tatu halikupiga kabisa. Liliingia tu, taratibu, kijani, kama mgeni aliyeambiwa karibu. Mgeni Rasmi akaenda. Mfadhili akaenda. Maji yakanifika kwenye magoti nami niko nyuma kabisa.

Nikapiga kelele, najua nilipiga kelele: Mgeni Rasmi ameenda! Nikageuza, nikakata mota nusu, Mama Carmen akaanza kutupa magunia nje bila kuambiwa, Padri, Imamu, wote. Pua ikainuka. Tukatoka tumejaa maji, tunachota kwa ndoo.

Ufukweni hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mama Carmen alivua jaketi, akakaa mchangani, akatapika. Ilias alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani. Alikuwa anatufuata kwa miguu. Sijui alifikiri atafanya nini.

 Sasa najua kwa mwili wangu, si kwa kusikia.

Jumatatu, 24 Juni

Kumbe kuna mtu alipiga video. Iko kila mahali. Inaonyesha boti, inaonyesha magunia na majina yao yamekaa kwa heshima, halafu wimbi, halafu sauti yangu: Mgeni Rasmi ameenda! Mtu ameongeza vicheko.

Dada mmoja amenitumia kutoka Nyakabiga, hapa hapa mjini. Mwingine amenitumia kutoka Kigoma!

Fatouma anasema nizime simu. Sizimi. Niko garajini, natengeneza kabureta, anayenitafuta ananijua nilipo.

Jumatano, 26 Juni

Amekuja Mzee Hugues. Safari hii alikanyaga mafuta bila kuangalia.

Ameitwa ofisini kwa wakubwa zake. Wamemuuliza ni nani huyo anayezamisha wakubwa mbele ya watu, na ana maana gani. Yeye alijibu ni fundi, ni ujinga wa fundi tu, hakuna maana.  Mzee wa watu. Nilimhurumia, sikutaka lakini nilimhurumia.

Anataka vitu viwili. Barua ya kuomba radhi, na sahihi yangu kwa boti ya buluu. Nisipotoa, natoka kwenye komite, na Ilias naye hatakuwa nahodha. Watamchukua Musafiri, yule anayetembeza watalii.

Nilimwambia barua ataipata. Sahihi, apana. Akitaka Musafiri afe mahali pa Ilias, amwambie Musafiri mwenyewe, tena amwambie kwa nini.

Barua nimeandika palepale: "Mimi Saliha, fundi, nawaomba radhi wote waliolowa siku ya Jumamosi. Waliolowa ni magunia ishirini na mawili. Kwa kuwa wakubwa wenyewe hawakulowa, nashukuru Mungu." Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui kama ataipeleka.

Ilias aliposikia, alisema: weka tu sahihi, dada. Wakubwa wakishaamua wameamua. Mi nitaendesha pole pole.

Pole pole! Nikamwuliza mwaka jana alikuwa anaendesha mbio? Nikajuta lilipotoka mdomoni. Akatoka hajanywa chai. Nimeumia, na nimemuumiza, na bado nisingeweka sahihi.

Alhamisi, 27 Juni

Ilias hasemi na mi. Sawa. Akae amenuna, lakini awe mzima.

Jumapili, 30 Juni

Wamama wameita mkutano wao wenyewe, Kajaga, baada ya misa. Mzee Hugues amealikwa, mi nimealikwa. Yeye alipewa kiti, mi nikapewa ndoo iliyopinduliwa, na nilikaa vizuri tu.

Mama Carmen hakutoa hotuba. Alisimama, kitenge kimefungwa kiunoni kama anakwenda shambani, akasema: "Prezida, wageni wanapanda siku moja. Sisi tunapanda kila siku." Akakaa.

  Wamama wakanyoosha mikono, wote, kwa ile ya mita sita na themanini. Hata yule bibi ambaye hapandi boti kabisa alinyoosha.

Mzee Hugues alihesabu ile mikono. Aliuliza tu: na wageni? Mama Carmen akasema watatazama wakiwa ufukweni, kuna kivuli, kuna soda. Mwishowe akakubali, boti na nahodha wake. Lakini akanyoosha kidole: inogurasio ni kazi yake, asiingiliwe. Tukasema sawa. Mi pia nilisema sawa. Nina furaha sana, sitaki kufikiri zaidi.

Niliporudi Ilias alikuwa amefua ovaroli yangu. Hakuna aliyeomba radhi. Tumekula.

Jumanne, 23 Julai

Ruziba kila wiki. Mi na Maxime tunagombana kuhusu pua. Yeye anataka kuishusha ipendeze, mi nataka iwe juu. Nilikata karatasi ya boksi, nikaichovya kwenye pipa lake la maji, nikampulizia mawimbi kwa mdomo mpaka kichwa kikaniuma. Ameipandisha. Mota itakuwa na nguvu za farasi arobaini, inayoinuka haraka mbele ya mchanga. Nguvu zaidi si lazima, hatushindani na mtu.

Nimemfanya aunge namba ndani, kwa chuma, ubavuni: 12. Watu kumi na wawili basi, na kama kuna magunia, tisa. Akauliza kwa nini chuma, si rangi? Kwa sababu rangi inafutika wakija wageni.

Jumamosi, 3 Agosti

Saa tisa. Mlangoni. Upepo wa kusini, mawimbi ya kiunoni. Tisa ndani, magunia sita nyuma ya katikati, mbele patupu.

Ilias alishika mota. Hakuzima. Akaingia kwa pembe kidogo, kama nilivyomfundisha zamani. Wimbi la kwanza likapasuka pande mbili. La pili likapasuka. La tatu... mi nilifumba macho, aibu ya fundi! Likapasuka. Maji kidogo usoni, chumvi hakuna, tukacheka. Akainua mota, tukateleza juu ya fungu la mchanga, akashusha, akakata kona, viboko wakageuza masikio.

Alhamdulillah. Nilimwona mdogo wangu anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na nikajifanya naangalia mota.

Tukawafundisha wamama: unapanda kwa nyuma, mzigo mzito katikati na nyuma, mbele pawe pepesi. Mama Carmen alirudia mpaka wakachoka naye.

Nimeweka sahihi. Kubwa, karibu ipasue karatasi.

Ijumaa, 16 Agosti

Kesho inogurasio. Mzee Hugues ametuletea programu mpya kwa Mama Carmen, Kajaga. Wageni wamepungua, wanaopanda ni tisa. Nimesoma, nimefurahi. Nimegeuza ukurasa. Fotei mbili. Mbele! Za nyumbani kwake, vile viti vya mito, zifungwe kwa kamba puani mwa boti. Moja ya Mgeni Rasmi, moja ya mfadhili. Na wengine nyuma yao mara moja ili waonekane kwenye picha.

Nikamwambia: Mzee, tumetengeneza pua hii mwezi mzima ili iwe juu, na wewe unataka kuikalia na fotei. Akasema mtu mkubwa hawezi kukaa nyuma karibu na moshi wa mota, kama mzigo. Itakuwa matusi. Ni saa tatu asubuhi, maji yamelala, ni kuzunguka tu mara moja.

Nikamgeukia Mama Carmen. Akaangalia chini. "Siku moja tu, dada," akasema. "Wakikasirika, boti ya pili hatupati. Na sisi tuko wengi."

Carmen! Aliyetapika mchangani! Nimetoka bila kuaga. Nimekasirika na nimekosa wa kumkasirikia, maana wote wana sababu nzuri.

Ilias nimemuuliza: kesho wakikuambia twende, utafanyaje? Akasema: saa tatu asubuhi maji yanakuwa mazuri. Sikumuuliza tena.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa tatu. Kajaga. Mahema mawili, viti, spika. Boti imefungwa utepe. Fotei ziko ndani. Maji yamelala. Mgeni Rasmi bado.

Saa tano. Bado. Yuko njiani, wanasema. Soda zinapata moto.

Saa saba. Amefika. Mtu mzima, mpole, hana kiburi, alisalimia mpaka wamama kwa mikono miwili. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Sasa hotuba. Ya kwanza kati ya sita.

Saa nane na nusu. Hotuba ya nne. Upepo umeanza kuinua vitambaa vya meza. Nimemwendea Mzee Hugues nikamwambia sikioni: saa tatu yako imepita, ahirisha. Akasema baada ya hotuba, dada, baada ya hotuba, na jasho linamtoka. Nimeangalia mlangoni. Mawimbi meupe meupe mpaka kule.

Nimeingia kwenye boti. Nimekata kamba za fotei, nimezitoa moja moja, nimeziweka mchangani, zinaangalia ziwa. Watu wameniona. Hakuna aliyenizuia, walikuwa wanapiga makofi ya hotuba. Nimerudi ndani nimekaa katikati. Naandika kwenye goti. Ilias yuko kwenye mota, ameshika kamba ya kuwashia, hajaniangalia.

Saa tisa kasoro. Mikrofoni: Mgeni Rasmi na ujumbe wake wanaombwa kupanda. Mzee Hugues ameona fotei mchangani. Ananiita kwa mikrofoni, watu wote wanasikia: "Dada Saliha, tafadhali ushuke." Sishuki. Anarudia. Sishuki, Mzee. Nibebe.

Mama Carmen amesimama. Nilijua anakuja kunitoa, nikajiandaa. Amekaza kitenge, ameingia majini, amepanda kwa nyuma, amekaa pembeni yangu. Nimemuuliza: si ulisema siku moja tu? Anasema ameangalia maji.

Wenzake wanakuja. Mmoja mmoja, kwa nyuma, na nguo zao za sherehe zimelowa. Tisa na yeye. Na mi, na Ilias. Kumi na mmoja. Spika imenyamaza, inakoroma tu.

Mgeni Rasmi amekuja mwenyewe mpaka majini. Amekunja suruali, viatu mkononi. Hana hasira usoni, anaonekana amepotea. Anaangalia pale mbele patupu, anauliza kama anaweza kupanda hapo.

Mi nimefungua mdomo. Ilias amewahi.

"Apana, Mukubwa," amesema. Sauti yake inatetemeka, naisikia, kila mtu anaisikia. "Mbele apana. Mbele apakaliwi."

Amesukuma kidumu cha esansi kwa mguu, amepangusa ubao kwa mkono wake, hapo nyuma kabisa, kando ya mota. "Nafasi iko moja. Ni hii."

Mzee Hugues amefunika uso. Mgeni Rasmi anaangalia ule ubao. Maji yamemfika magotini na viatu bado viko mkononi. Anampa Ilias viatu, na mi nafunga daftari.